Neno “Aina” Limeelemewa: Tahakiki ya Istilahi za Upimaji wa Virusi vya Influenza

Miongoni mwa maandishi yaliyoletwa kwetu ili lugha yake ikaguliwe kabla ya kupigwa chapa, ulikuwamo mwongozo wa kurasa arobaini hivi, uliofasiriwa kutoka katika Kiingereza kwa ajili ya wauguzi, matabibu na wasaidizi wa maabara. Kazi yake ni kuwaeleza namna ya kuchukua sampuli puani na kooni mwa wagonjwa, namna ya kuzihifadhi na kuzisafirisha, na namna ya kuyasoma majibu yanayorudi kutoka maabara kuu, ambako virusi vya influenza hutambuliwa na kupangwa katika makundi yake kwa kuchunguzwa jeni. Ofisi iliyouandaa hatutaitaja, na mfasiri wake hatumjui. Lakini ni mtu mwenye Kiswahili kizuri. Sentensi zake za kuagiza ni fupi na hazina madoido. Sura inayohusu kunawa mikono na kuvaa barakoa tungependa ifundishwe vyuoni kuwa mfano wa tafsiri njema. Matatizo huanza pale anapovuka kizingiti cha maabara, na ndiyo tunayokusudia kuyajadili hapa, kwa sababu makosa aliyoyafanya yeye hufanywa na wengi wetu kila siku.

Tuanze na neno lililo kwenye jalada. Mwongozo unaitwa wa “mafua”. Kwa Mswahili, mafua ni kamasi. Mtoto akichuruzika pua asubuhi ya baridi ana mafua, na virusi viwezavyo kumletea hali hiyo ni vya namna nyingi sana, influenza ikiwa mmoja tu wa washtakiwa. Sasa kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya kumchagua mgonjwa wa kuchukuliwa sampuli katika ufuatiliaji wa ugonjwa huu hutaka mambo matatu: joto la mwili lililopimwa na kufikia nyuzi 38 za sentigredi au zaidi, kikohozi, na ugonjwa ulioanza katika siku 10 zilizopita. Kamasi haimo. Muuguzi aliyeambiwa achukue sampuli za “wagonjwa wa mafua” atawaita watoto wote wenye kamasi, hata wasio na homa, na mzee anayetetemeka kwa homa na kukohoa pua ikiwa kavu atamwacha aende zake. Mfasiri hakukosa neno. Alichukua neno la nyumbani, jambo ambalo kwa kawaida tunalisifu. Ila neno la nyumbani hapa lina wenyewe, na maana yake ni pana kuliko inayotakiwa. Kwa vitabu vya kazi tunapendekeza “influenza”, ambalo limekwisha kuzoeleka na lina irabu mwishoni kama jina letu lolote lile. Mbele ya umma “homa kali ya mafua” itafaa, maadamu homa inatajwa kwanza.

Jambo la pili ni zito zaidi, na mwandishi wa makala haya alilishuhudia kwa macho yake. Mwongozo ulipokuwa ukijaribiwa katika zahanati moja, tulikaa pembeni na daftari. Muuguzi alimwita mama mmoja aliyembeba mtoto wa miaka miwili hivi, akaanza kumsomea maelezo kama yalivyoandikwa: kwamba sampuli ya mtoto itapelekwa kufanyiwa “kipimo cha vinasaba”, na kwamba “vinasaba vya mgonjwa navyo vitapimwa kwa ajili ya udhibiti”. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimfunga mtoto mgongoni upya, akasema, “Dada, mwanangu baba yake anamjua. Sikuja hapa kuvunja nyumba yangu.” Akaondoka, na mtoto ana homa.

Wako watakaocheka. Sisi hatukucheka, kwani mama yule alikielewa Kiswahili kuliko mwongozo. Katika Tanzania neno “vinasaba” limefika kwa wananchi kwa njia ya mahakama na magazeti. Tangu 2009 iko sheria ya vinasaba vya binadamu, msimamizi wa kazi hiyo ni Mkemia Mkuu wa Serikali, na habari zinazosomwa mara nyingi ni za nani baba wa mtoto na nani hakuwa baba. Isitoshe, neno lenyewe linasema hivyo waziwazi. Limeundwa kutokana na nasaba, yaani ukoo wa mtu na chimbuko lake, likapewa kiambishi cha vitu vidogo vidogo. Ni uundaji mzuri, nasi hatutaki kulizika. Lakini mtu anayeambiwa kwamba mtoto wake atapimwa “vitu vidogo vya nasaba” hawezi kulaumiwa akidhani kwamba nasaba ndiyo inayopimwa.

Hapana budi tueleze kwa ufupi kinachotokea maabarani, maana mfasiri asiyekijua kitendo hawezi kukitafutia jina. Virusi vya influenza havina DNA. Habari zake za urithi zimo katika RNA, ambayo katika aina A na B imegawanyika vipande 8, na katika C na D vipande 7. Sampuli ikifika, RNA hutolewa. Kimeng'enya huinakili kuwa DNA. Kisha mashine hupasha moto na kupoza, mzunguko baada ya mzunguko, na kila mzunguko ukienda sawasawa nakala huongezeka maradufu. Nakala moja ikizidishwa hivyo mara 30 hupita bilioni moja. Njia hii ya kuzidisha iliasisiwa na Kary Mullis wa Marekani mwaka 1983, naye akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Haizidishi kila kilichomo katika sampuli. Huzidisha sehemu ile tu inayodakwa na vipande vifupi vilivyotengenezwa makusudi, ambavyo hushika mahali fulani pa jeni fulani na kuanzisha unakili. Katika utaratibu uliozoeleka, kwanza hutafutwa jeni ya M, inayofanana katika virusi vyote vya aina A. Ikionekana, hutafutwa jeni ya hemaglutinini, ile protini ya juu ya virusi iletayo herufi H, ili ijulikane kama ni H1, H3 au nyingine. Pamoja na hayo hutafutwa jeni moja ya binadamu. Sababu yake ni ndogo na ya busara: isipoonekana, ni dalili kwamba kijiti hakikugusa ndani ya pua ipasavyo au kazi imeharibika njiani, na jibu la “hakuna virusi” haliwezi kuaminiwa.

Basi hiyo ndiyo “vinasaba vya mgonjwa navyo vitapimwa kwa ajili ya udhibiti”. Tafsiri ni ya neno kwa neno, haikuongeza wala kupunguza, na maana yake yote imepotea. Jeni hiyo haimtofautishi mtu na mtu. Inatafutwa ili kujua kwamba kuna mtu. Tuliandika badala yake: “Kipimo hiki hutafuta virusi tu. Maabara huangalia pia kama kijiti kiligusa ndani ya pua. Hakipimi ukoo wa mtoto wala wa mzazi.” Sentensi ya mwisho haimo katika Kiingereza, na mwenzetu mmoja katika kikao alilalamika kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuongeza. Tunaamini anayo. Msomaji wa Kiingereza hakuhitaji kuambiwa hivyo. Wetu anahitaji, na aliyemletea haja hiyo ni neno tulilolichagua sisi.

Kwa mintarafu ya istilahi zenyewe, pendekezo letu ni kwamba kila penye virusi liandikwe “jeni”, na jumla ya jeni zote iitwe “jenomu”. “Vinasaba” libaki kwa binadamu, na hasa kwa kazi za utambuzi wa watu. Wapo watakaosema kwamba tunaacha neno letu na kukumbatia la kigeni. Nasaba nalo lilikuja kwa jahazi kutoka Uarabuni. Na kama itakavyoonekana mbele, tunalihitaji kwa kazi nyingine ndani ya uwanja huu huu.

Tufike sasa kwenye neno lililotupa kichwa cha makala. Ukurasa wa ishirini na mmoja wa mwongozo una sentensi hii: “Aina hii ya aina A ni ya aina ndogo ya H3N2, na aina yake inafanana na aina iliyomo katika chanjo.” Tumeisoma kwa sauti mbele ya walimu wawili na mfamasia mmoja. Hakuna aliyeielewa, ingawa mfamasia aliijua habari yenyewe. Kiingereza kina maneno matano tofauti mahali hapo, kila moja likitaja ngazi yake. Mfasiri alikuwa na neno moja tu mfukoni, akalitumia mara tano.

Ngazi zenyewe ni hizi. Juu kabisa ni herufi: A, B, C na D. Virusi vya A hushika watu, ndege, nguruwe, farasi na wanyama wengine. B karibu ni vya watu peke yao. C huleta ugonjwa mwepesi. D vinajulikana zaidi kwa ng'ombe. Hapa “aina” inafaa na ibaki hapa. Chini ya A yanafuata majina ya protini mbili za juu, H na N, kama vile H1N1, H3N2 na H5N1. Ngazi hii mwongozo unaiita “aina ndogo”, na hapo ndipo tunaposhika kichwa. Katika Kiswahili kitu kidogo kina athari ndogo. Mkulima akiambiwa kwamba kuku wake wana “aina ndogo ya mafua”, atashukuru Mungu na kuwapeleka sokoni. Kumbe H5N1 imewaua takriban nusu ya watu wote waliothibitika kuipata duniani tangu 2003. Tunapendekeza “utanzu”, kwa wingi “tanzu”. Walimu wa fasihi wanalo tayari kwa tenzi na hadithi, lakini kabla ya fasihi lilikuwa tawi la mti, na tawi ndilo hasa linalotajwa, maana virusi hivi huchorwa na wataalamu kama mti wenye shina na matawi.

Ngazi inayofuata ni ya uzao: virusi vilivyotoka kwa mzazi mmoja, vinavyojulikana kwa kusoma jeni zake herufi kwa herufi na kuzilinganisha. Ajabu ni kwamba lugha isiyodhaniwa kuwa na maneno ya sayansi hii ina akiba kubwa mahali hapa kuliko pengine pote. Sisi ni watu wa kuhesabu mababu. Tuna nasaba, ukoo, mlango, tumbo, nyumba. Virusi vya aina B, kwa mfano, viligawanyika katika mikondo miwili mikubwa, inayoitwa Victoria na Yamagata. Tuiite “nasaba”, na neno tulilolinusuru juu litakuwa limepata kazi yake. (Victoria hiyo ni jimbo la Australia. Katika semina mshiriki mmoja kutoka Mwanza aliuliza kwa uchungu kwa nini ziwa letu limesingiziwa, na mwongozo haukuwa na jibu. Neno moja la ufafanuzi lingetosha.) Nasaba ya Yamagata haijathibitishwa kuonekana katika maambukizi ya kawaida tangu Machi 2020, na Septemba 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza iondolewe katika chanjo. Mwongozo unasema “aina B imetoweka”. Kosa hilo si la tarakimu wala la utabibu, ni la istilahi tupu: mfasiri hakuwa na neno la kuitenga nasaba na aina, basi kwa kalamu yake akafuta ugonjwa ambao bado unalaza watoto hospitalini.

Kwa ngazi za chini ya hapo tunapendekeza “ukoo”, na mgawanyiko wa ukoo uwe “mlango”. Tazama virusi vya H5 vilivyotokana na kile kilichopatikana kwa bata bukini katika Guangdong, China, mwaka 1996. Mwaka 2008 wataalamu wa afya ya watu, ya wanyama na wa chakula walikubaliana kuzitaja koo zake kwa tarakimu badala ya majina ya mahali, pamoja na mengine ili nchi fulani isiaibishwe. Ukoo wa 2 ukazaa 2.3, huo ukazaa 2.3.4, na hivyo hivyo mpaka 2.3.4.4b, uliosambaa kwa ndege wa mabara mengi na ambao mwaka 2024 ulikutwa hata kwa ng'ombe wa maziwa wa Marekani. Mzee wa pwani akionyeshwa tarakimu hizo hatahitaji semina. Atasoma: fulani bin fulani bin fulani.

Mwisho wa ngazi ni virusi mahususi vilivyopatikana kwa mgonjwa mmoja mahali pamoja, vyenye jina lao kamili. Utaratibu wa majina hayo uliwekwa sawa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1980: aina, kiumbe alikotolewa kama si binadamu, mahali, namba, mwaka, kisha H na N katika mabano. Hivyo A/California/7/2009 ni virusi vya saba vya orodha ya California ya mwaka 2009, kutoka kwa binadamu. Mwongozo umefasiri majina haya, na A/goose/Guangdong/1/1996 ukaiandika “A/bata bukini/Guangdong/1/1996”. Jina la namna hii ni kama namba ya gari. Polisi hafasiri namba ya gari. Atakayelitafuta jina hilo la Kiswahili katika hazina za kimataifa hatalipata, na kwa kuwa kazi yote ya kupanga virusi hutegemea kulinganisha cha hapa na cha kule, jina lisilotafutika ni sampuli iliyotupwa.

Ngazi hiyo ya mwisho tunakiri hatujaikatia shauri. “Mbegu” linatuvuta, kwa sababu mkulima husema mbegu ya mahindi kwa maana iyo hiyo, na virusi vinavyoteuliwa kila Februari na Septemba kwa ajili ya chanjo hupandwa na kukuzwa kama mbegu kweli. Lakini baada ya yaliyompata mama yule wa zahanati, kuingiza mbegu katika habari ya watoto na vipimo kunatutia wasiwasi. Kwa sasa sentensi ya ukurasa wa ishirini na mmoja tumeiandika hivi: “Virusi hivi ni vya aina A, utanzu wa H3N2, na ukoo wake ni ule ule wa virusi vya chanjo.”

Juu ya mabadiliko ya virusi tutasema machache, ingawa mwongozo umekosea hapo pia. Umetumia “ubadilikaji” kwa mambo matatu yasiyolingana hata kidogo. La kwanza ni kubadilika kwa herufi moja ya jeni. Katika jeni ya N ya H1N1, herufi C iliyo mahali pa 823 ikigeuka U, kiungo kimoja cha protini huwa kingine, na dawa ya oseltamivir hupoteza nguvu. Virusi vya namna hiyo vilienea duniani kuanzia msimu wa 2007 na 2008. Hilo liitwe “badiliko”. La pili ni mabadiliko hayo kujikusanya mwaka hata mwaka, mpaka kinga ya jana haivitambui virusi vya leo. Kiingereza hutumia neno la chombo kuchukuliwa na mkondo, na mfasiri akaandika kwamba virusi “huelea”; wasaidizi wawili wa maabara wakaelewa kwamba ugonjwa huenezwa na maji. “Mkengeuko” unatosha. La tatu ni virusi viwili kuingia katika seli moja na kubadilishana vipande vizima. Mwaka 1957 virusi vya watu vilipata vipande vitatu kutoka kwa vya ndege, na mwaka 1968 viwili, na kila mara dunia ikaugua. Wacheza karata wanalo neno: kuchanga. Tunapendekeza “uchangaji wa vipande”, na atakayeliona la kihuni atuletee lingine lenye kueleweka hivyo.

Yapo makosa ya kuchekesha ambayo hayahitaji mjadala. Ukuzaji wa virusi katika mayai ya kuku umeitwa “utamaduni wa virusi katika mayai”. Kile kipande kifupi kinachoanzisha unakili kimeitwa “rangi ya kwanza”, maana ndivyo fundi rangi anavyokiita cha kwake. Sisi tunasema “kianzishi”. “Kutenga” kumetumika kwa virusi na kwa mgonjwa katika aya moja, hata isijulikane nani anafungiwa chumbani. Haya husahihishwa kwa kalamu nyekundu na kikombe cha chai.

Lakini mawili hayachekeshi. La kwanza ni agizo la kuweka sampuli “katika jokofu”. Jokofu katika matumizi ya watu ni chombo cha kupoza na pia cha kugandisha, na hapa tofauti ni yote. Sampuli inatakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na isizidi saa 72. Ikiwa itakaa zaidi, igandishwe katika nyuzi 70 chini ya sifuri au baridi zaidi. Kisanduku cha kugandishia samaki hakifiki huko, na kugandisha na kuyeyusha tena na tena huharibu virusi. Wauguzi wenyewe husema “friji” na “friza”, na hawakosei kamwe. Tumefuta “jokofu” mahali pote, tukaandika walivyosema wao. Tunajua kwamba wapo wasomaji wa jarida hili watakaosononeka. Neno la asili lenye maana mbili mahali panapotakiwa moja halina haki ya kukaa pale kwa sababu ya uzawa wake.

La pili ni majibu. Mwongozo unafasiri tarakimu inayoandikwa kwenye jibu kuwa “kiwango cha virusi”, na kutoa mfano wa 18 na 35. Msomaji yeyote atadhani kwamba mwenye 35 ana virusi vingi zaidi. Kumbe tarakimu hiyo ni idadi ya mizunguko iliyohitajika mpaka virusi vionekane. Aliyeonekana katika mzunguko wa 18 alikuwa na virusi vingi mno kuliko wa 35. Tofauti ya mizunguko 17 ni zaidi ya mara laki moja, kwa hesabu ya maradufu. Tumeandika “mzunguko wa kuonekana”. Pia tumeondoa “chanya” na “hasi” katika karatasi anayopewa mgonjwa, tukaweka “virusi vimeonekana” na “havikuonekana”. Chanya huleta furaha pasipo furaha, na hasi, kwa mfugaji, ni kitendo anachofanyiwa fahali.

Linabaki suala la majina ya ugonjwa, ambalo watumishi wa serikali ndio hulianzisha kwa matangazo yao. Mwaka 2009 ugonjwa mpya wa H1N1 uliitwa kwa Kiswahili “homa ya nguruwe” katika matangazo na magazeti kadhaa. Jina hilo lilikuwa na mwenyewe. Homa ya nguruwe ni ugonjwa wa nguruwe, ulioelezwa kwa mara ya kwanza na Montgomery kutoka Kenya mwaka 1921. Huua nguruwe kwa wingi, na binadamu haumpati. Wafugaji wakaogopa nyama isiyo na kosa. Si sisi peke yetu: huko Misri, mwaka huo huo, iliamriwa nguruwe wapatao laki tatu wachinjwe, hali ugonjwa ulikuwa ukienezwa na watu kwa watu. Shirika la Afya Duniani liliacha jina la nguruwe mwishoni mwa Aprili 2009, na mwaka 2015, pamoja na mashirika ya mifugo na ya chakula, likatoa mwongozo kwamba magonjwa mapya ya binadamu yasipewe majina ya wanyama, mahali wala watu. “Mafua ya ndege” tumeyaacha kwa ugonjwa wa kuku na bata, mradi yasichanganywe na kideri. Afisa mmoja alituuliza kama yanawahusu abiria wa uwanja wa ndege. Tulidhani anatania.

Mwongozo tumeurudisha kwa wenyewe ukiwa na marekebisho mia na kumi na nne. Kuhusu mama yule, hakurudi siku ile. Lakini muuguzi alipomwita aliyefuata aliifunika karatasi, akasema kwa maneno yake mwenyewe: “Mama, nitachukua kamasi kidogo, wenzetu wakatazame ni mdudu gani huyu anayemchoma mtoto homa.” Mama akamshika mwanawe kichwa, kijiti kikaingia. Neno “mdudu” hatukuliingiza katika orodha yetu, na wanachama wa kamati bado wanabishana kama tulifanya vyema. Maoni juu ya hilo, na juu ya “mbegu”, yaletwe kwa mhariri kabla ya toleo lijalo.